Tone la Nyongeza

Fundi cherehani huyu mtaa mzima ulimwita Mama Nyongeza, na jina hilo hakulipata bure. Umpelekee kitambaa cha gauni, atakupima vizuri kabisa, halafu kila mahali akuongezee vidole viwili. "Nguo ikikubana utanilaumu mimi," husema, "ikikupwaya naipunguza hapa hapa." Usibishane naye, utachoka wewe.

Vumbi la vitambaa lilikuwa limemziba pua mwaka mzima. Zamani alimeza vidonge vya mafua, vikamkesheza macho kodo, moyo unamwenda mbio, presha ikapanda hadi muuza dawa wa ng'ambo ya barabara akamjia juu.

"Dawa ya vidonge hivi inazunguka na damu mwili mzima, Mama. Inakaza mishipa ya pua na mingine yote. Kuna vidonge vya aina nyingine, lakini dawa yake tumbo na ini huimaliza kabla haijafika puani, utatupa pesa bure. Chukua matone haya, yanafanya kazi palepale puani. Ila siku tatu tu! Ukizidisha, pua itaziba kuliko mwanzo."

Hizo siku tatu ziliingia sikio hili zikatokea lile. Alichoondoka nacho ni kimoja: vidonge ni vikali, matone hayana neno. Chupa ikakaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.

Sasa mjukuu wake, kachanga ka miezi miwili kanakolala kapuni chini ya meza ya kukatia, kakapata mafua. Kanashika ziwa, kananyonya kidogo, kanaliachia, kanalia kwa hasira. Mama yake, mkwe wa fundi, alikuwa hoi, anashona vifungo huku anasinzia. Alipotoka kumpelekea mteja sketi yake, bibi akainama kapuni.

"Mume wangu, nani kakuziba pua? Ngoja mkeo akutibu."

Tone moja pua hii, tone moja pua ile. Kisha mkono ukafuata mazoea yake, ukaongeza tone jingine kila upande.

Mtoto akatulia, akalala fofofo. Mkwe aliporudi wakatazamana, wakacheka kwa kunong'ona, kila mmoja akashika kazi yake. Raha iliyoje! Cherehani inakwenda, mtoto kimya.

Ulipofika wakati wa kunyonya, mkwe akamwinua. "Mama, mbona haamki?"

Bibi akagusa shavu. Baridi! Shingo imelegea kama kitambaa kilicholoa, na kifua kinapanda, halafu kinakawia, kinakawia mno, ndipo kinapanda tena.

"Mama yangu wee! Mtoto anakufa!"

Walivuka barabara bila kutazama magari. Muuza dawa alimfunua mtoto jicho, akasikiliza kifua, akauliza amepewa nini. Bibi akaitoa chupa mfukoni. Muuza dawa akabadilika uso.

"Umemtia haya? Haya ya watu wazima?"

"Si ulisema ni mapole!"

"Kwako wewe! Kwa mtoto mchanga yanapenya mpaka kwenye ubongo. Yanamlaza, yanapunguza mapigo ya moyo, yanapunguza pumzi. Mtoto hutiwa matone ya maji ya chumvi basi! Ingieni kwenye gari langu, nawapeleka hospitali!"

Njia nzima bibi alikuwa ameduwaa. Dawa zote mbili ni za kuzibua pua. Moja ilimnyima yeye usingizi, na hii nyingine imemlaza mtoto asiamke? Akili ilikataa katakata.

Hospitali wakampokonya mtoto mikononi, wakamvisha barakoa ya hewa. Daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akawageukia. "Haya matone hayana dawa ya kuyaondoa. Tunamsaidia kupumua mpaka yaishe mwilini. Ametiwa mangapi?"

"Tone moja kila pua," akasema bibi. Uongo ulimtoka wenyewe, maana mkwe alikuwa anamtazama.

Daktari akakunja uso. "Kwa kiasi hicho sikutarajia azame hivi. Huenda ana ugonjwa mwingine kichwani. Itabidi nimchome sindano ya uti wa mgongo nitafute."

Sindano! Kwenye kale kamgongo!

"Mawili!" bibi akapiga kelele. "Mawili kila pua. Niliongeza mimi, daktari, niliongeza kwa mkono wangu huu!"

Hakuthubutu kumwangalia mkwe. Alingoja matusi, alingoja hata kofi. Daktari akamtazama mtoto tena, bado hajaridhika.

Ndipo mkwe akateleza ukutani hadi akakaa sakafuni.

"Na mimi," akasema. "Asubuhi, Mama, ulipokuwa unampima mteja. Nilikuona unayatumia kila siku, nikasema kama hayamdhuru Mama... Nilibinya tu chupa. Hata sikuhesabu."

Bibi alipigwa na butwaa. Jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa nafuu: si mimi peke yangu. La pili lilikuwa kuichukia ile nafuu kwa moyo wake wote. Akashuka naye akakaa sakafuni, bega kwa bega na mkwe wake.

Sindano haikuchomwa. Walikaa hapo hadi jua likahama dirishani, wanahesabu kila pumzi ya yule mtoto, mpaka mguu mmoja ukapiga teke shuka na kilio kikatoka, kikali, cha mtu mwenye njaa na mwenye haki yake.

Nesi akamnyanyua, akageuka naye. "Haya, nani anamchukua?"

Wote wawili walisimama. Bibi akamtazama mama mtu, mama mtu akamtazama bibi, na mtoto akazidi kulia mikononi mwa nesi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kunyoosha mkono.