Tumbaku ya Igoki

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Asubuhi hiyo Mbeere kulikuwa kukavu, jua lilichoma hata kabla ya saa tatu, na upepo ulirusha vumbi hadi ndani ya vikombe vya chai.

Wakulima wa tumbaku walikusanyika mbele ya ofisi ya chifu. Serikali ilikuwa imeahidi ruzuku kwa kila mkulima atakayeacha tumbaku apande ndengu, na leo majina yalikuwa yanahakikiwa. Ngari, mzee wa kanisa, ndiye aliyeombwa kufungua kwa sala. Aliomba kwa sauti nzito: "Bwana, wenye hila uwaumbue leo."

"Amina!"

Jina lake lilikuwa kwenye orodha, lakini tumbaku haikuwa yake. Ilikuwa ya Igoki, mjane wa mdogo wake Bundi. Tangu amzike mumewe, Igoki alizilima ekari zile mbili peke yake. Hati ya shamba ilikuwa na jina la Ngari, basi Ngari akajiambia kwamba mwenye hati ndiye mkulima. Wala hakumwambia Igoki kwamba amejiandikisha.

Afisa wa kilimo, Karimi, mwanamke wa Meru, alifunga daftari. "Vitambulisho nimeviona. Sasa nionyesheni mikono. Mama yangu alichuma tumbaku miaka ishirini. Gundi yake haitoki kwa sabuni."

Mikono ikanyooshwa, myeusi kama sufuria ya kupikia githeri kwa kuni. Ya Ngari ilikuwa safi.

"Mzee huvuna kwa simu!" Muthamia, mmoja wa wakulima, akapaza sauti.

"Wacha wewe! Malaika humchumia!" mwingine akadakia.

Watu wakaangua kicheko. Ngari alitamani ardhi ipasuke immeze. Karimi akashika kalamu. "Basi shamba hili ninalifuta."

Igoki akasimama huko nyuma, mikono myeusi hadi viwikoni. "Madam, usifute. Shemeji yangu huyu, Baba Felicitas, huhudumu meza ya Bwana, ndiyo maana hujisugua kwa ndimu. Tumbaku ni yake. Mimi humsaidia tu."

Ngari alimtazama. Mwanamke aliyemwibia alikuwa anasema uongo mbele za Mungu ili yeye asiaibike, na sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo. Kicheko cha watu angekivumilia. Hili lilimshinda.

Akavua kofia, akamwambia Igoki, "Mama Ciakuthii, keti. Usitende dhambi kwa ajili yangu." Akamgeukia Karimi. "Madam, sijachuma hata jani moja. Nimemwibia mke wa ndugu yangu, tena nikaja hapa nikaomba."

Chifu akakohoa. "Kwa hiyo, mzee?"

"Aandikwe Igoki. Nanyi nyote mnisikie. Keshokutwa, Alhamisi, nitakwenda naye ofisi ya ardhi, nimkatie ekari hizo mbili ziwe kwa jina lake. Nisipokwenda, Jumapili mnisimamishe kanisani mniulize, watoto wangu wakisikia."