Anayegonga Nyuma ya Kioo

Saa mbili na robo asubuhi fundi wa geji alifungua kabati la chuma, akatoa geji saba na kuzipanga juu ya taulo, vioo vikiangalia dari. Zote zilikuwa na maji. Si ule ukungu wa kufutwa kwa kitambaa. Ni maji hasa, yamefika nusu ya kioo, na mishale yote saba imesimama kwenye tisini. Hakuna aliyezitumia tangu Ijumaa.

Alifungua moja, akaonja tone. Chumvi. Akapiga miayo, akatafuta bisibisi ndogo.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mpiga mbizi anashuka chini ya meli kukwangua makombe ya baharini yaliyogandama chumani, na geji inamwonyesha hewa iliyobaki mtungini. Nyuma ya kioo kuna pete ya mpira ya kuzuia maji. Pete ikichoka, maji yanapenya, mshale unashika kutu na kunata, na mtu anaendelea kusoma tisini hadi hewa inamwishia. Fundi alikuwa ameomba pete mpya mara sita. Kila mara meneja alimjibu, "Kausha, rudisha," naye akakausha, akarudisha, akatia sahihi.

Ndivyo alivyorudisha geji ya mumewe.

Ripoti ya kifo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na penye sababu waliandika: uzembe wa marehemu. Mtu ambaye hakushuka majini hata siku moja bila kugonga kioo mara mbili kwa ukucha aone kama mshale unacheza! Hata saa ya ukutani pale nyumbani aliigonga. Mkewe alikwenda ofisini kuomba maneno hayo yafutwe, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akachoka, kisha akachoka hata kuchoka.

Alipofika geji ya tatu, kioo kiligongwa kwa ndani. Mara mbili, kwa ukucha.

"Nimekusikia, baba watoto," alisema, akaendelea kulegeza skrubu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye mpiga mbizi wa hapohapo, aliingia kuchukua geji. Akasimama kusikiliza.

"Kaka huyo."

"Ndiye."

"Hajambo?"

"Si unamjua? Hawezi kukaa bila kazi."

Shemeji akacheka kidogo, akachukua geji iliyokuwa karibu.

"Shemeji, hiyo mbovu. Usiende nayo."

"Niende na ipi sasa?"

Fundi alizitazama zote saba, akaikausha ile ile, akamrudishia.

Chini ya meli, mshale ukiwa palepale kwenye tisini, geji ilimgonga shemeji kifuani mara nne. Kwa wapiga mbizi, mara nne maana yake ni panda juu. Akapanda. Mtungi ulikuwa umebaki na pumzi tatu. Kesho yake wawili wengine waligongewa, nao wakapanda. Wiki haikuisha, hakuna tena aliyejisumbua kuangalia mshale.

Meneja alipopita karakana, fundi alimwekea mbele fomu ya pete, ya saba hiyo, na juu yake ripoti.

"Bosi, huyu anayewapandisha wenzake ndiye mnayemwita mzembe. Futeni hilo neno. Na pete zinunuliwe, apumzike. Amechoka. Mimi namjua akichoka."

Meneja aliinamia geji, akatega sikio.

"Anagonga kwa wakati?"

"Hajakosea hata mara moja."

"Basi pete za nini tena, mama? Na ripoti ilishafungwa."

Jioni hiyo karatasi ilibandikwa juu ya kabati, ina mhuri: Asiyesikiliza geji, uzembe ni wake.

Jumapili hakukuwa na kazi, lakini fundi alikwenda. Alizipanga geji juu ya taulo. Kugonga kulikuwa kwa mbali, kwa kusitasita, kama mkono uliokufa ganzi. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Lala kidogo, mume wangu. Leo hakuna anayeshuka."

Kukawa kimya. Alikaa nazo, mkono haujaondoka, mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Jumatatu walishuka saba, kila mmoja akisubiri kugongewa.