Wageni Sita wa Baadhi ya Maeneo

Usiku wa jana niliota nimefika kijiji kinachoitwa Baadhi ya Maeneo, nikiwa nimevaa suruali ya kulalia na tai.

Ndoto haiji bure, kwa hiyo nieleze kwanza yaliyotokea mchana. Mimi ni msomaji wa taarifa kwenye redio ndogo ya jamii huku kwetu Njombe, ambako upepo tumeuzoea kama jirani mkorofi. Jana saa kumi jioni ililetwa karatasi ya hali ya hewa. Ilisema kesho, kuanzia saa nane mchana, kutakuwa na upepo mkali unaofikia kilomita sitini kwa saa, na baadhi ya nyumba zinaweza kuezuliwa mapaa. Kisha yakafuata majina ya vijiji sita: Ihemwa, Nyamande, Igagatu, Mdasi, Lufwilu na Ukangamo.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili za kipindi, na mezani palikuwa na bahasha nzima ya salamu za wasikilizaji. Watu wa salamu ukiwaruka wanakuja mpaka mlangoni. Basi nikachukua kalamu, nikavikata vile vijiji vyote sita, na juu yake nikaandika "baadhi ya maeneo". Sentensi ikawa fupi na laini. Nikaisoma kwa sauti yangu nzuri, salamu zikaenda zote, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ihemwa ndiko anakoishi shangazi yangu Osmunda, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitano. Nililijua hilo wakati nakata. Nilijua pia kwamba mabati yake yameanza kuchezacheza, na kwamba kilo mbili za misumari niliyomnunulia wakati wa Pasaka bado ziko chini ya kitanda changu, mfuko haujafunguliwa. Kila wiki nasema Jumamosi nitakwenda. Jumamosi zimekuwa nyingi.

Basi ndotoni nafungua mlango wa studio niende msalani, natokea barabarani. Mbele yangu kuna kibao: KARIBU BAADHI YA MAENEO. Chini yake kwa herufi ndogo imeandikwa: vipindi vya jua, mvua na ngurumo.

Mwenyekiti wa kijiji ananisubiri pale kwenye kibao. Anaitwa Bwana Mtweve, mtu mpole, mnene. Bega lake la kushoto linanyeshewa mvua ya mawe, la kulia linapigwa na jua kali, na katikati ya kichwa pana ukungu. Amevaa mabuti ya mvua na miwani ya jua. Ananisalimu, ananiuliza habari za safari, namwambia safari ilikuwa mlango tu.

"Wewe ndiye unayetutaja kila siku," anasema.

Namwambia sikujua kama kuna watu.

"Tuko kaya mia tatu na kumi. Redioni ukisema baadhi ya maeneo, nchi nzima inashusha pumzi, maana kila mtu anajua si kwake. Sasa mvua ikishatangazwa itakwenda wapi? Inakuja huku."

Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nyuma yake wanakijiji wanapita na shughuli zao. Mama mmoja anaanika mahindi upande wa jua, na hatua tatu kutoka hapo mumewe anakinga maji ya mvua kwa sufuria. Mbuzi amefungwa kwenye radi. Nauliza kama hawachoki, Bwana Mtweve anasema wamechoka tangu zamani, siku hizi wanaishi tu.

"Hata hivyo jana jioni tumepata wageni," ananiambia. "Vijiji sita vizima. Vimeletwa bila mizigo."

Nauliza vinaitwaje, ingawa nimeshajua. Anasema majina hayasomeki vizuri, yamepigwa mstari wa kalamu ya bluu. Mimi natumia kalamu ya bluu.

Naomba nionyeshwe Ihemwa. Anasema iko ng'ambo ya shimo la mchanga, walikopewa viwanja vya muda, lakini nisiende mikono mitupu, maana upepo unaanza saa nane. Nipite kwanza ghalani nichukue tahadhari.

Ghala la tahadhari liko pale pale. Sikuliona mwanzo, sasa nimo ndani yake. Magunia yamepangwa mpaka darini, kila moja limeshonwa kwa kamba ya katani na kuandikwa TAHADHARI. Najaribu kuinua moja. Ni zito sana. Mtunza ghala ni mwavuli mkubwa mweusi mwenye miwani ya kusomea. Amekaa nyuma ya meza, amejifunga nusu.

"Nimekuja kuchukua tahadhari," nasema.

"Ya kijiji gani?"

"Ihemwa."

Mwavuli anafungua daftari, anapitisha kijiti chake kimoja juu ya majina, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha anavua miwani. Anasema Ihemwa haikutajwa, na tahadhari hutolewa kwa waliotajwa.

Namweleza kuwa ni mimi niliyeikata, kwa ajili ya salamu. Anasema anajua, mwandiko wangu anao hapo. Naomba basi anipe hata robo gunia, shangazi yangu ni mtu mmoja na nyumba yake ni ndogo. Mwavuli anaangalia magunia, ananiangalia mimi, na naona tone la maji linateremka kwenye kitambaa chake ingawa ghalani hamvuji.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," anasema. "Hilo tunalijua, lina ukurasa wake. Lakini asiyeambiwa, guu lake tuliandike kwa nani?"

Nikasimama pale na tai yangu. Mwishowe Mwavuli akainama chini ya meza akanipa nyundo, akasema nyundo haihitaji jina la kijiji.

Natoka na nyundo. Nikitembea nasikia kitu kinanung'unika kwenye mfuko wa suruali ya kulalia. Ni misumari. Yote imo, kilo mbili, inasukumana.

"Tangu Pasaka," inasema. "Tangu Pasaka."

Naiambia samahani. Inasema samahani haishiki bati.

Nyumba ya shangazi Osmunda iko kwenye kiwanja cha muda, lakini ni ile ile, na mti wa pichesi umekuja nao. Shangazi amekaa nje kwenye kigoda, redio yake sikioni, ile aliyoifunga na betri kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia. Akainua kidole.

"Ngoja kwanza," anasema. "Mwanangu anasoma."

Sauti inayotoka kwenye redio ni yangu. Inasema upepo mkali unatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Shangazi anasikiliza mpaka mwisho, na salamu zote, kisha anaizima ili betri isiishe. Anatikisa kichwa.

"Maskini watu wa huko," anasema. "Tuwaombee."

Nilitaka kumwambia kwamba huko ndiko hapa. Nikaishia kukaza tai. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, hata nilipokuwa mdogo kweli.

Hapo ndipo ikasikika hodi. Shangazi akasema karibu, na Upepo akaingia uani.

Ni mtu mrefu, mwembamba, amevaa sweta la kusuka na amebeba faili. Mti wa pichesi unalala kidogo anapopita, yeye anauomba radhi. Anaamkia vizuri, tena kwa kikwetu, "kamwene", na shangazi anaitikia na kumpa kigoda. Kigoda kinateleza chini yake mpaka ukutani. Anakifuata, anakaa tena. Shangazi anamletea chai kwenye kikombe cha bati, na chai inatoka yenyewe kwenye kikombe na kumzunguka kichwani, naye anainywa hivyo hivyo, akisifu tangawizi.

Akishamaliza anafungua faili. Anasema yeye ana karatasi tu na anaifuata. Kasi, kilomita sitini kwa saa. Muda, kuanzia saa nane. Athari, wastani.

"Wastani ndiyo nini?" shangazi anauliza.

"Wakiniandikia athari kubwa nachukua paa lote, mama. Wakiandika wastani nachukua nusu."

"Nusu ipi?"

"Hilo hawakuandika. Kwa kawaida namwachia mwenye nyumba achague."

Shangazi anageuka kuitazama nyumba yake. Anaitazama kama anavyotazama maharage kabla ya kuyachagua, bila haraka. Nyumba ina vyumba viwili tu, jiko na chumba cha kulala. Nataka kusema achukue la jirani, achukue langu, lakini paa langu limetajwa vizuri mjini na lina gunia lake.

"Chukua la chumbani," anasema. "Mimi nikilowa nitakauka. La jikoni niachie, maana huyu mwanangu akija, atanywea wapi chai?"

Upepo anaandika: chumbani. Mimi huyo anayengojewa nimesimama pale pale, sijafika kwake tangu Pasaka. Nikaona nikikaa nitalia, na mwanamume kulia mbele ya Upepo si heshima. Nikatafuta ngazi.

Hakuna ngazi. Napindua ndoo ya shangazi, ile ya bluu, napanda juu yake, nashika ukingo wa paa. Ndoo inapasuka chini ya mguu wangu kwa sauti kubwa. Shangazi anasema pole. Sijui anampa nani pole, mimi au ndoo. Lakini nimeshafika juu.

Bati la jikoni linanisubiri. Lina sauti nyembamba.

"Umechelewa," linasema, "lakini piga. Ila usipige kwenye tundu la zamani. Tundu la zamani limeshazoea kuachia."

Napiga. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Misumari imenyamaza sasa, inaingia kwa adabu. Chini namsikia Upepo akimuuliza shangazi ni nani anayegonga, na shangazi anamwambia ni yule wa redioni, ana kazi nyingi, lakini moyo wake mzuri. Napiga wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba naupiga huku machozi yananizuia kuuona. Bati linasema inatosha, sasa niende kwa mwenzake.

Nahamia upande wa chumbani. Bati la huko haliongei, linatetemeka tu. Nachukua msumari wa nane, nauinua, napiga pigo moja, unakaa upande.

"Saa nane," anasema Upepo.

Anafunga faili, anasimama, anamshukuru shangazi kwa chai. Ananiangalia pale juu, na naona kweli anasikitika.

"Mimi sina ubaya," ananiambia. "Ningekuja hata kama ungewataja. Ila wangekuwa wamejiandaa."

Nalala kifudifudi juu ya bati la chumbani ili uzito wangu ulishike. Halishikiki. Linanyanyuka nami, polepole kwanza, kisha nauona mti wa pichesi kutoka juu, namwona Mwavuli mlangoni pa ghala, namwona Bwana Mtweve akinipungia mkono kwa bega lake la jua. Vijiji vyote sita viko chini yangu, watu wanaanua nguo, wanaita watoto, wote wametazama upande ambao upepo hautoki. Najua nikiwataja watapona. Nafungua mdomo, natoa sauti yangu nzuri ya studio, na inasema: baadhi ya maeneo. Najaribu tena. Baadhi ya maeneo. Shangazi ameinua uso, mkono juu ya macho, ananitafuta. Najikaza kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na mwishowe linatoka, kubwa, baya, halina mapambo.

"Ihemwa!"

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nje kulikuwa kimya, hata jani halikutikisika. Nilikumbuka karatasi ilisema saa nane mchana, nikamshukuru Mungu kwa kila saa iliyobaki, nikavaa haraka na kwenda redioni kwa miguu. Saa kumi na mbili kamili nilisoma taarifa. Nilivitaja vijiji vyote sita, kimoja kimoja, kisha nikarudia tangu mwanzo. Nikasema watu waweke mawe juu ya mabati, waingize watoto na mifugo ndani kabla ya saa nane. Bahasha ya salamu ilibaki imefungwa.

Sijavua hata visikizio, simu ikaita. Alikuwa shangazi.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Umetaja Ihemwa mara mbili. Miaka minne unasoma, leo ndiyo umetutaja. Majirani wote wako nje wanabeba mawe."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa jina lake mbele ya kanisa zima. Akaendelea kwamba kila kitu kiko salama, ila usiku kulikuwa na mwizi.

Nikamuuliza ameiba nini.

"Hajaiba kitu. Amepasua ndoo yangu ya bluu, halafu amepigilia bati la jikoni. Nimehesabu, misumari saba mipya. La chumbani amelipiga mmoja tu, tena umekaa upande. Mwizi gani huyu asiyemaliza kazi?"

Nikamwambia asimwite mtu, nakuja sasa hivi, na safari hii nitakuja na ngazi.

"Njoo kabla ya saa nane," alisema. "Chai utaikuta jikoni."