Majibu ya Muthoni

Jumanne saa nne asubuhi, Nyokabi alikuwa akikunja vikaratasi katika duka la uchapishaji alikoajiriwa, River Road. Viliwahimiza wanawake wapimwe mapema saratani ya mlango wa kizazi. Simu yake ikalia. Alikuwa Lornah, muuguzi wa zahanati moja ya Waithaka.

"Majibu ya mama yako yamefika. Yale ya kipimo cha mwaka juzi."

"Mama tulimzika Machi."

"Pole sana. Lakini majibu anapewa mwenyewe."

Jioni Nyokabi alikwenda kaburini, nyuma ya nyumba, akamweleza mama yake, Muthoni. Alfajiri alimkuta Muthoni jikoni, amevaa suti ya bluu aliyozikwa nayo, akipangusa udongo kwenye kola.

"Twende mapema," Muthoni alisema. "Foleni ya hapo naijua."

Walipewa nambari kumi na saba. Wanawake wakasogea ili Muthoni aketi. Mmoja alimuuliza kama anasikia baridi, akajibu kwamba ameshaizoea. Zamu yao ilipofika, Lornah alilinganisha uso wa Muthoni na nakala ya kitambulisho, kisha akafungua bahasha.

"Saratani ipo," alisoma, "lakini bado ni changa. Ukitibiwa sasa unaweza kupona kabisa."

"Nilikuja hapa mara nne, Sista," Muthoni alisema. "Mara ya mwisho damu ilikuwa imefika kwenye viatu. Mkaniambia ningoje simu."

"Maabara ni moja, Mama. Sampuli zinatoka kila mahali."

Lornah alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Kwenye fomu akaandika: mgonjwa ameelezwa.

"Basi mpime huyu," Muthoni alisema.

Nyokabi alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa amekunja maelfu ya vile vikaratasi na hakuwahi kupimwa. Alilala kitandani, mama yake akamshika mkono kwa nguvu, kama alivyomshika zamani wakivuka barabara. Ilichukua dakika chache.

"Ni hivyo tu?" Nyokabi aliuliza.

"Ni hivyo tu. Majibu tutakupigia."

Muthoni alitoka, akarudi kwenye benchi, akaketi.

"Wewe nenda kazini," alimwambia binti yake. "Mimi nitayangoja. Sina haraka."

Wiki iliyofuata Mwanasha, mgonjwa mwingine wa hapo aliyezikwa mwaka uliopita, alikuja na sanda yake, akaketi kando ya Muthoni kungoja majibu ya binti yake mwenyewe. Kufikia Desemba benchi lilikuwa limejaa. Mfagiaji akipiga deki huwaomba wainue miguu, nao huinua. Wasimamizi wa zahanati walileta benchi la pili. Maabara bado ni moja.

Nyokabi hupitia hapo kila jioni akitoka mjini.

"Bado?" huuliza.

"Bado," Muthoni hujibu, na humsogezea nafasi.