Aliyekufa Kabla ya Mapumziko

Kwetu kila kitu ni zamu. Baba alipopooza upande wa kulia, dada na mimi tuligawana usiku wake: dada akiwa kazini, wodi ya majeruhi, mimi namgeuza baba kila baada ya masaa mawili; dada akiwa nyumbani, ananifukuza nikalale. Basi gazeti liliponipa ukurasa wa kuhakiki filamu, nao tukaufanyia zamu. Filamu ya Kihindi ina mapumziko katikati, na mapumziko hayo hayakuwekwa bure. Kabla yake natazama mimi, dada anakoroma. Baada yake anatazama yeye, nakoroma mimi. Njiani tunaunganisha.

Utaratibu huu ulikuwa umeshaniumbua mara mbili. Mara ya kwanza nilimzika gazetini mwanamke ambaye mwishoni aliolewa. Mara ya pili nilimsifu hakimu kwa uadilifu, kumbe ndiye muuaji. Mhariri wetu, tunayemwita Kisu kwa anavyokata makala, alisema tukichapa masahihisho mara ya tatu, ukurasa unakwenda kwa chemshabongo. Kisu hatanii. Na mimi kazi nyingine inayofanyika kando ya kitanda cha baba sina.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, tulikaa safu ya nyuma, dada bado na viatu vyake vyeupe vya wodini, baba tukiwa tumemwachia jirani. Filamu ilikuwa ya majambazi, ndefu kama foleni ya hospitali. Dada alilala kabla ya maiti ya kwanza. Mimi nilihesabu maiti mpaka ya kumi na tisa nikaacha. Ilikuwa wiki yangu ya sita ya filamu za damu, na damu ikizidi jicho huizoea kama rangi ya ukuta. Jambazi mkuu alikuwa na ndevu, mguu wa kuchechemea, na sauti ya kuuzia viazi. Mapumziko yalipokaribia akapigwa risasi ya tumbo, akahutubia dakika nne, akafa. Taa zikawaka. Nikamgusa dada bega. Akaenda kunawa uso, mimi nikafumba macho.

Tukiwa njiani nilimsimulia ile hotuba. Alinisikiliza kwa uchovu wa mtu aliyetoka kushona watu.

"Wa tumboni hahutubii," alisema. "Anaomba maji, na maji hatumpi. Basi anamwita mama yake."

Kisha akanipa nusu yake. Kulikuwa na inspekta mwenye miwani, amenyoa safi, haongei sana, anawasaka waliomuua jambazi. Kwa nini, hakuelewa, labda ilielezwa wakati ananawa. Na kulikuwa na mjane wa jambazi, aliyekunja shati la marehemu taratibu, akafunga vifungo vyote, bila chozi. Hapo, dada alisema, ndipo alipoamka kweli.

Niliandika kando ya kitanda, nikiwasomea kwa sauti kama kawaida yetu. Mwenye ndevu nilimchanachana: anaigiza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Mwenye miwani nikampandisha: macho yake tu yanatosha, na yule wa ndevu akachukue somo kwake. Makala ilitakiwa saa kumi. Bado nilikuwa na saa nzima. Niliridhika kama paka wa jikoni.

Baba akacheka. Kicheko chake siku hizi ni cha upande mmoja, lakini hicho kilitikisa kitanda. Enzi zake hakuna filamu ya Kihindi iliyompita.

"Shujaa," alisema, akivuta neno baada ya neno, "hafi kabla ya mapumziko. Akifa... ana pacha."

Dada na mimi tukatazamana. Nikampigia simu mkata tiketi, nikamuuliza wanaume wakuu kwenye ile filamu ni wangapi. Mmoja, alisema. Jambazi na inspekta ni mapacha, na mwigizaji ni yule yule. Halafu akauliza kama si mimi niliyekuwa safu ya nyuma, maana kuna mkoromo ulifika mpaka dirishani kwake.

Kudanganya kuliwezekana. Ningefuta mistari mitatu, na nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo unataka mtu aliyelala vizuri. Nikaandika ilivyokuwa: tulilala kwa zamu, mtu mmoja tukamwona wawili, tukamtukana huyu na kumvika taji yule. Nikamalizia kwamba bwana huyu ni fundi akinyamaza, na kwamba nguvu ya kunyamaza mjane aliijua kuliko sisi sote. Maneno ya dada kuhusu maji nayo nikayaweka.

Saa kumi kasoro dakika tano Kisu akapiga simu. Akauliza kama kweli tulilala wote wawili. Kwa zamu, nikamjibu. Nikaanza kuiona ile chemshabongo imekaa kwenye nafasi yangu, wima na ulalo.

"Inatoka kama ilivyo," alisema. "Mwezi ujao kuna nyingine, masaa manne. Nenda na mtu asiyelala."

Nikageuka. Dada alikuwa amelala kitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Asiyelala nyumbani kwetu ni mmoja tu, naye alikuwa ananitazama kwa jicho lake zima, akisubiri kugeuzwa.