Dirisha Nyuma ya Makopo ya Rangi

Vumbi ndilo lililotoka kwanza. Mlango wa banda ulipokubali kufunguka, vumbi lilitoka kama mtu aliyeamshwa usingizini, likajinyoosha uani, likapanda kwenye jua la asubuhi, likageuka dhahabu, kisha likawatulia wote kichwani bila kubagua.

Mshonaji alipiga chafya, akacheka, akajikuta anafuta machozi. Labda ni vumbi. Labda si vumbi. Hakujua.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao na mabati, limeegemea ukuta wa jirani kama mlevi aliyeegemea rafiki. Miaka yote lilimeza kila kilichokataliwa na nyumba. Sasa zamu yake ya kuondoka ilikuwa imefika. Mama yake alikuwa ameteleza kwenye ngazi, akaumia nyonga, na pale pangejengwa chumba cha chini kisicho na kipandio hata kimoja, mama alale na kuamka bila hofu. Ni jambo jepesi kulisema. Mbona basi tangu alfajiri alikuwa akizunguka na nyundo mkononi, anaitafuta nyundo?

Marafiki zake wawili walikuja mapema. Shoga yake wa tangu shule, waliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haujui Jumapili. Na fundi bomba mmoja mrefu, mpole, ambaye huinama hata kwenye milango isiyomgusa.

"Jamani," Kasuku alipaza sauti kutoka gizani, "humu mna baiskeli tatu, na ukizijumlisha zote hupati hata moja!"

Wakacheka. Wakatoa feni isiyo na mapanga. Wakatoa godoro lililoliwa na panya, viatu vya mguu mmoja mmoja, beseni lililotoboka, kitanda cha chuma kilichokunjwa, chenye kutu nyekundu kama nyama. Wakatoa, wakatoa, na banda halikwisha. Kila walipotoa kitu, nyuma yake palikuwa na kitu.

Mama alitoka na mkongojo wake, akasimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameambiwa jana, na juzi, na asubuhi ile ile. Kila mara alikubali. Kila mara alisahau.

"Mnafanyaje kazi gizani?" aliuliza. "Si mfungue dirisha."

"Banda halina dirisha, mama."

"Lipo. Upande wa jua." Akamgeukia fundi bomba. "Shemeji, mwambie. Wewe si ndiye uliyemshikia kaka yako msumeno?"

Fundi bomba, asiye na undugu wowote nao, alitazama chini, akatazama juu, akaweka toroli pembeni. "Nilimshikia, shemeji," alisema kwa upole. Mshonaji akamshukuru kwa macho.

Maana ndivyo mama alivyokuwa siku hizi. Maneno yake yalikuja kama nguo zilizoanuliwa kwa haraka mvua ikinyesha: gauni la leo, shuka la zamani, soksi ya mtu asiyejulikana. Jana tu alisema paka wa jirani ameajiriwa posta. Utashika lipi? Utaacha lipi?

Kwenye ukuta wa ndani palikuwa na rafu ya makopo ya rangi, imesimama pale tangu mshonaji apate akili. Walipoisogeza ilianguka yenyewe kwa uchovu. Nyuma yake palikuwa na ubao mpana uliopigiwa misumari. Fundi bomba akauingiza mtalimbo, akakandamiza. Ubao ukalia, ukaachia.

Na mwanga ukaingia.

Uliingia kwa mkupuo, kama maji, ukajaa mpaka pembeni. Dirisha. Dirisha dogo, lililotazama uchochoro wa nyuma usiopitwa na mtu, kioo chake kizima, na kwenye msumari mmoja kipande cha kitambaa cha maua, kilichobaki kidogo tu. Mshonaji akakishika. Vidole vyake vililisoma lile pindo: mishono midogo, ya mkono, yenye subira. Mkono wa mama yake.

Kasuku akasogea, akakigusa naye kwa ncha ya kidole.

Mwanga ukaonyesha mengine. Ukuta uliopakwa chokaa. Masizi ya moto kwenye kona. Banda halikuwa limezaliwa banda.

Akatoka nje, kitambaa kiganjani. "Mama, mliishi humu?"

"Tungeishi wapi? Nyumba kubwa ilikuwa bado msingi. Baba yako aliweka dirisha ili nipate mwanga nikinyonyesha."

"Ukininyonyesha mimi?"

"Wewe?" Mama alitabasamu. "Wewe ulizaliwa nyumba ikiwa imeshaezekwa. Nilikuwa nikimnyonyesha dada yako."

Mshonaji alikuwa mtoto wa pekee. Alikulia upekee huo, aliringa nao, alilia nao. Alimzika baba yake akiwa peke yake mbele ya waombolezaji.

"Dada yangu yupi, mama?"

"Alikaa kidogo tu," mama alisema. Kisha akatazama angani. "Chai bado?"

Basi. Akaulizwa tena, akazungumzia paka.

Mshonaji alisimama katikati ya ua, kati ya baiskeli tatu zisizo baiskeli. Kinywa kile kile. Dirisha ni kweli. Paka si kweli. Dada yuko upande gani? Baba hayupo wa kuulizwa, shangazi hayupo. Alihisi huzuni, lakini hakujua ni huzuni ya nani, wala kama ana haki nayo. Mtu anamliliaje aliyemjua sasa hivi? Na kama hakuwapo kamwe, machozi haya yanakwenda wapi?

"Tuache?" Kasuku aliuliza.

"Tuache."

Wakaweka nyundo chini.

"Hapana, tubomoe. Hapana. Ngoja."

"Shoga, amua basi."

"Sijui! Nimesema sijui." Akamwendea mama yake, akapiga magoti kama mtoto. "Mama, tulibomoe?"

Mama akalitazama banda kwa muda mrefu, toka paa hadi chini.

"Libomoeni," alisema. "Lilikuwa linavuja sana."

Wakalibomoa. Dirisha walilitoa kwanza, zima na fremu yake, fundi bomba amelikumbatia kama mgonjwa. Akasema chumba kipya nacho kina upande wa jua. Kisha mabati yakashuka yakipiga kelele, mbao zikashuka, misumari ikang'oka ikilalamika mmoja mmoja, na mchana ukapita wakiwa weupe kwa chokaa wote watatu, hawatambulikani nani ni nani.

Jua lilipoinama, palibaki sakafu tu, ya saruji iliyopasuka, wazi kwa anga. Mwanga ulilala juu yake bila kuomba ruhusa kwa dirisha lolote.

Mama aliondoka mlangoni, akajikongoja hadi kwenye sakafu ile, akasimama kwenye kona moja, ameinamisha kichwa. Mshonaji akamfuata haraka asije akajikwaa. Mama akainua kiganja.

"Mbona hubishi hodi?"

Mshonaji akasimama. Mbele yake hapakuwa na mlango wala ukuta, palikuwa na hewa. Akawatazama rafiki zake.

"Hodi," alisema mshonaji.

"Karibu, mwanangu. Vua viatu." Mama akashusha sauti, ikawa pumzi. "Na uje polepole. Amelala."

Hakujua ni nani aliyelala. Hakujua kama aliwahi kulala mtu pale. Akavua viatu, akaviweka sambamba, na akaingia akinyata.