Fungu la Minofu

Gari la mwisho la wazungu liliondoka Butembo tarehe kumi na saba Desemba, kuelekea Beni kutafuta ndege, maana vita vilikuwa vinakaribia. Philomène Sanou alibaki kwenye lango na mkono juu, mpaka gari likapotea nyuma ya mikalitusi. Kisha akashusha mkono, akaangalia kama kuna mtu amemwona. Hakuna. Alikuwa Esdras tu, mlinzi mzee wa lango, naye alikuwa anasukuma komeo.

Edmond, mkubwa wa kazi yao, alikuwa amemwambia wakati anafunga sanduku lake, "Wewe hauna shida, Philomène. Wewe ni Mwafrika, uko kwenu hapa." Mtu mmoja alipaswa kubaki kuangalia frigo, jokofu la chanjo, na kila mtu alikuwa ameshaona ni nani, kabla hata ya kuulizana. Philomène alifikiria nchi zote zilizolala katikati ya Butembo na mji wake wa Bobo-Dioulasso, kule Burkina Faso. Alimsaidia kubeba sanduku.

Alikuwa muuguzi, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye binti wawili waliobaki kwa dada yake. Kwenye karatasi za bureau, ofisi yao, alikuwa expatriée, mfanyakazi kutoka nje, neno lile lile aliloandikiwa Edmond. Lakini barabarani neno lile halikumshika vizuri. Edmond akipita, watoto walikimbia nyuma yake wakiimba. Philomène akipita, hawakuinua hata macho. Sokoni wauza viazi walimsemesha Kinande, lugha ya pale, na akijibu Kifaransa walitazamana: huyu anajifanya mtu wa Kinshasa. Parokiani mzungu alipewa kiti cha mbele. Yeye alijibana kwenye benchi kati ya akina mama, na misa ikiisha kila mmoja alienda zake.

Hivyo ndivyo alivyokaa miezi minane. Si kwamba watu walikuwa wabaya, hapana. Mgeni anayefanana na wewe, unasahau kama ni mgeni. Unafikiri ameshakula, ameshasalimiwa, ana ndugu zake mahali fulani nyuma ya kilima.

Siku zilizofuata zilifanana. Asubuhi ukungu ulikuwa unaziba mpaka mlango wa choo, na baridi ya Butembo iliingia kwenye magoti. Philomène alivaa sweta mbili, akapiga magoti mbele ya frigo ya mafuta ya taa, akaangalia moto wake. Moto ule ulitaka uwe wa buluu na mdogo. Ukiwa wa manjano unaleta moshi, na chanjo ya surua inaharibika, na watoto waliokimbia vita kule Luofu na Kayna walikuwa wanaingojea mwezi wa kwanza. Alikata utambi, akasoma kipimo, akaandika namba kwenye karatasi. Saa moja kamili alifungua fonia, ile redio ya kusemezana na Beni.

"Butembo, Butembo, unanipata?"

"Nakupata vizuri."

"Hakuna habari?"

"Hakuna habari."

"Bon, mpaka jioni."

Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku. Siku nyingine alitamani kumwambia mtu wa Beni kwamba habari iko, kwamba jana nyanya zilikuwa nzuri sokoni, kwamba ameota bintiye mkubwa. Lakini fonia ni ya kazi, na wenye silaha nao walisikiliza.

Kwao, wiki kama ile, watoto wa mtaa huchota udongo na kujenga nyumba ndogo ya Mtoto Yesu nje ya lango, kisha kuipaka chokaa, na wapita njia husimama kuisifu. Nyumba ya mama yake haikuwahi kula Noeli chini ya watu ishirini. Sasa alihesabu viti vya meza ya bureau: sita. Akavigeuza vitano vielekee ukutani, ili asivione akila. Kesho yake aliona aibu, akavirudisha.

Jambo moja tu alilitaka, na alilitaka kama mtoto: asile Noeli peke yake. Na alikuwa na tumaini lake. Mwezi wa kumi na moja nyumba za avenue, yaani mtaa wao, zilichanga kununua ng'ombe wa Noeli. Esdras alimuuliza kama ataingia, naye akaingia siku ile ile. Aliyesimamia jambo lile alikuwa mama Kavuo, jirani wa chini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima kingine. Kwa hiyo Philomène alijisemea: kama niko kwenye ng'ombe, niko kwenye watu. Wataniita.

Tarehe ishirini na nne, kabla ya saa moja, alisikia kelele kwa Kavuo, kisha kimya, kisha kelele tena. Ng'ombe alikuwa ameanguka. Esdras alipokuja kusimama mlangoni, kofia mkononi, Philomène alikuwa bado anazungumza na Beni.

"Mama Filo, banakuita kule kwa mama Kavuo. Banaanza kugawanya."

Moyo wake ulipanda. Alifunga fonia haraka, akaingia jikoni, akatoa basini la bati, lile jipya. Akaliosha tena ingawa lilikuwa safi, akatandika ndani kitambaa cheupe, akampa Esdras kwa mikono miwili.

"Ubapelekee. Ubaambie asante sana, na Noeli njema kwa wote."

Esdras alishika basini, hakuondoka.

"Mie njo niende?"

"Ndiyo, wewe."

"Bon," alisema Esdras, akaenda polepole.

Philomène aliwasha makaa. Alikata vitunguu vya majani, akaimba kidogo. Basini liliporudi lilikuwa zito mpaka Esdras alilibeba kifuani, limefunikwa na majani ya ndizi. Alipoyafunua hakuamini macho yake. Minofu mitupu: nyama ya mgongo, nyama ya paja, nyekundu, laini, bila mfupa, bila mafuta. Fungu la watu watatu.

"Angalia vile walivyonipenda," alisema.

Esdras aliangalia kofia yake.

"Esdras. Ni nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni nyama ya muzuri sana."

"Walisema nini?"

"Balisema wasingya. Asante. Mama Kavuo aliangalia kile kitambaa, alisema, 'Aah. Ni hivyo.' Kisha banakata."

"'Ni hivyo' ndiyo nini?"

Mzee alivuta kigoda, akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe ndani ya jiko lile.

"Mama, unisamehe. Mie nilifikiri unajua. Kwani kwenu haiko vile?"

"Kwetu wanaume wanagawanya, batoto banapelekea kila nyumba. Mwanamuke akienda kusimama kwenye nyama, banasema iko na uroho. Mama yangu angenipiga."

"Aah," alisema Esdras. "Donc, ni heshima njo ulikuwa unafanya." Alitikisa kichwa muda mrefu. "Hapa kwetu, kwa hii avenue, mwenye nyumba anakuya yeye mwenyewe na kisu yake. Anakata na benzake. Kisha banashuka ku mto bote, banaosha matumbo. Mwenye hakuye, anatuma mutu na kitambaa, basi banasema, huyu ni mugeni, tumupe minofu. Minofu ni ya mugeni. Mifupa na matumbo ni ya batu ya nyumba."

Philomène alikaa na kisu cha vitunguu mkononi.

"Na kesho?"

"Kesho banakula pamoja kwa mama Kavuo."

"Na mimi?"

Esdras alikuwa mlokole, mtu wa kusema kweli, na kweli ile ilimtoka kwa shida. "Mugeni alisha kupewa yake. Hakuna mwenye atamuita mara ya pili. Si kwa ubaya, mama. Banaona kama umechoka na kelele yao."

"Nikiirudisha?"

"Hapana kurudisha. Ukirudisha ni matusi."

Aliondoka kwenda langoni. Philomène alibaki na lile basini. Nyama nzuri kiasi kile hakuwahi kuiona hata siku ya harusi yake, na hakuna kitu kilichowahi kumfukuza mahali kwa adabu namna ile. Makaa yalishika vizuri, akayaacha yawake bure. Alifikiria kuandika barua kwa Kavuo, kwa Kifaransa cha bureau, kueleza desturi ya kwao. Aliona jinsi barua ile ingepokelewa: karatasi nyingine nyeupe, mkononi mwa Esdras.

Akafungua droo. Visu vya Edmond vilikuwa vya kupakia siagi. Chini yake kulikuwa na kimoja cha jikoni, mpini umefungwa uzi. Alikikunja ndani ya kitenge, akavua sweta moja, akatoka.

"Uko naenda wapi, mama?" aliuliza Esdras.

"Angalia moto wa frigo. Ukiwa wa manjano, niite."

Njia ya kijito iliteremka kati ya migomba na shamba la maharagwe, na utelezi ulikuwa mwingi. Aliteremka kwa upande, akishika migomba, akizisikia sauti kabla ya kuwaona. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameinama majini, nguo zimefungwa juu ya magoti, na maji chini yao yalikwenda kijani. Harufu ilikuwa kali. Wa kwanza kumwona alikuwa Séphora, mkaza mwana wa Kavuo, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Alinyoosha mgongo, na wengine wakageuka mmoja mmoja.

Kavuo hakusimama. "Mama Filo. Nyama haitoshe?"

"Imetosha."

"Iko na mufupa ndani?"

"Haina hata mufupa moja."

"Basi?"

Philomène alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, ya kuomba msamaha. Yote yalimtoka kichwani. Alifunua kitenge, akaonyesha kisu.

"Matumbo yangu iko wapi?"

Mmoja akasema kitu kwa Kinande, mwingine akajifuta pua kwa bega asicheke, kisha wote wakacheka, isipokuwa Kavuo.

"Matumbo yako," alisema Kavuo. "Minofu unakula, na matumbo unataka. Huko kwenu banakula mara mbili?"

"Huko kwetu batoto njo banapeleka nyama. Mie sikujua. Hakuna mwenye aliniambia."

"Miezi minane uko hapa, hujaona namna tuko nafanya?"

"Miezi minane," alisema Philomène, "hakuna mwenye aliniita kuona."

Hakuwa amekusudia kusema vile. Akaangalia maji. Mtoto wa Séphora alipiga chafya. Mwanamke mzee mmoja, Berthe, alisema neno refu kwa Kinande, na Kavuo akalijibu kwa neno fupi, na Philomène hakujua kama wanamtetea au wanamtukana. Jambo lile tu, kusimama pale kama mti watu wakizungumza juu yake, lilimchosha kuliko miezi yote ile. Akafikiria kurudi.

Ndipo Kavuo akasogeza mguu wake kidogo, akasukuma kwenye jiwe lililokuwa wazi kipande kikubwa, kizito, lile tumbo lenye kurasa nyingi wanaloliita kitabu. Kukiosha ndiyo kazi mbaya kuliko zote. Kila ukurasa una mavi yake. Kilikuwa kimewekwa pembeni, kila mmoja akijifanya hakioni.

"Ile njo yako," alisema.

Philomène alifunga kitenge juu ya magoti, akaingia majini. Baridi ilimkata miguu. Alianza kufungua kurasa, mmoja baada ya mwingine, akasugua kwa jani la ndizi. Hakuna aliyemsemesha. Hadithi yao ya Kinande iliendelea pale ilipokatika, ikapita juu ya kichwa chake. Wakicheka, alitabasamu akiwa amechelewa.

Mara, mbali, upande wa barabara ya kwenda Lubero, risasi zililia. Nne, kisha moja. Mikono yote ilisimama. Philomène hakuangalia kilima, aliangalia uso wa Kavuo, kama wengine wote. Kavuo alisikiliza, kichwa upande, maji yakimdondoka kwenye vidole.

"Ni bale basoda ba barrière ya barabara," alisema mwishowe. "Balisha kunywa Noeli yao."

Mikono ikarudi majini, na ya Philomène pamoja nayo. Vidole vyake havikuhisi tena kitu. Alimaliza ukurasa wa mwisho, akakiinua kile kitabu kikidondoka, akakiweka mbele ya Kavuo.

Kavuo aligeuza kurasa kwa kidole gumba, bila haraka. Katikati alisimama.

"Hii ni nini?"

"Ni…"

"Ni mavi, mama Filo. Unataka batoto bangu bakule mavi siku ya Noeli? Sugua na chumvi, pale, kwa Séphora. Hapana na jani. Jani inapapasa tu. Nani alikufundisha kuosha?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa anakuhurumia." Akamrudishia kwa nguvu, maji yakamrukia Philomène kifuani. "Rudilia. Na kesho, misa ya kwanza ikiisha, ukuye na kuni yako. Ya kukauka. Kila mutu anakuya na kuni yake, sitapikia batu makumi tatu na kuni ya mie peke yangu."

Séphora alimsogezea chumvi bila kumwangalia. Philomène alichukua konzi moja, akainama tena juu ya jiwe, akaanza na ukurasa wa kwanza.